Nilivyomwandikia kijana wa Chebunyo kwamba hatutamwita kamwe

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai, ambako mvua imetufungia ndani tangu saa nane mchana.

Nimesoma mnavyolia humu kwamba siku hizi unatuma application na employer ananyamaza kama kaburi. Sasa nami nina yangu. Haya sikuhadithiwa, yalinipata mimi mwenyewe, na mahali nilifanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Miaka ya tisini nilikuwa secretary kwa kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kapkatet. Jina la kiwanda mniachie. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, certificate ya typing, na viatu vya kisigino ambavyo matope ya Bureti yalimaliza kwa mwezi mmoja.

Boss wangu alikuwa personnel officer. Mzee mpole, tai kila siku, na hakuweza kumwambia mtu hapana. Hata muuza njugu akiingia ofisini alimwambia "pitia kesho". Yule muuza njugu alipitia kesho kwa miaka miwili.

Basi kiwanda kikatangaza kazi ya karani wa kupima majani. Nafasi moja.

Application zikaja magunia mawili. Sitanii, magunia ya sukari.

Kazi ikaenda kwa mpwa wa director mmoja, ambaye hata hakuwa ameapply. Hiyo mnaijua, tuendelee.

Boss akanipa draft ya regret letter. Kiingereza chake kilikuwa kitamu hadi unadhani umeposwa. Walifurahishwa sana na wewe, wanakutakia mema, na mwishoni: application yako tumeihifadhi kwenye file, vacancy ikitokea tutakuita.

Nikakata stensil, tukachapa, nikajaza majina kwa taipuraita siku nne mfululizo.

Ukweli ni kwamba file haikuwako. Messenger alibeba yale magunia akampa Mama Moraa, mwenye kibanda cha chai nje ya geti, awe anafungia watu mandazi. Mimi mwenyewe nilikula mandazi mbili zilizofungwa kwa result slip ya mtu. Alikuwa na B ya Kiswahili. Nikasoma, nikapangusa mafuta, nikarudi kazini.

Leo naona aibu. Siku hiyo sikuona chochote.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, kijana akaingia. Koti la babake lilimfika magotini, na barua yetu ameikunja ndani ya Biblia. Akasema anaitwa Wesley, ametoka Chebunyo. Kwa wasiojua huku, hiyo ni safari. Alipanda lori ya ng'ombe, halafu nyingine, halafu miguu.

"Madam, nimekuja kuuliza kama vacancy imetokea."

Nikamwambia bado. Akashukuru, akaenda.

Jumatatu iliyofuata, huyo hapo. Na iliyofuata. Messenger akamwita Vacancy, nami nikacheka kama mjinga. Akionekana getini tunaambiana, "Vacancy imetokea."

Mara ya nne nikaingia kwa boss nikamuuliza nimwambie nini. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie file yake iko salama."

Nikamwambia hivyo. Uso wake ukang'aa. Hapo ndipo roho ilianza kunichoma kidogo, lakini kazi ni kazi.

Jumatatu ya saba hakuja yeye. Alikuja mama mmoja na kitambaa kichwani, gumboots miguuni, mwavuli uliovunjika mkono.

"Mimi ni mama ya Wesley," akasema. "Ni wewe madam wa file?"

Tulizungumza Kipsigis, nawawekea kwa Kiswahili.

Akanieleza kwamba headmaster wa shule ya msingi karibu na kwao amempa Wesley class three afundishe, UT tu, yaani mwalimu asiyesomea ualimu, lakini kazi. Wesley amekataa. Anasema akiingia kazi nyingine, kiwanda kitamtoa kwenye file. Headmaster amengoja hadi amechoka, na sasa amesema mwisho ni Ijumaa.

"Sikuja kuomba kazi," akasema. "Nataka tu unionyeshe hiyo file. Nikiiona kwa macho yangu nitaenda nyumbani ninyamaze, mtoto angoje."

Nikafungua droo. Nikaifunga. Nikafungua kabati, nikajifanya natafuta. Yeye ameketi tu, mikono juu ya mwavuli, ananitazama.

Sijui nyinyi mngefanya nini. Mimi nilishindwa.

"Mama, hakuna file."

Hakupiga kelele. Aliuliza makaratasi ya mtoto wake yalienda wapi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia yote, hadi mandazi. Akageuka akatazama kile kibanda kupitia dirisha. 

Kisha akasema, "Nikimwambia hivi atasema nimetunga. Huyo haamini mdomo, anaamini karatasi iko na muhuri. Niandikie."

Boss alikuwa ameenda mkutano Kericho. Nikachukua karatasi yenye jina la kiwanda, nikaandika kwa Kiswahili:

"Wesley. Hukupata kazi. Alipewa mtu mwingine kabla hatujasoma barua yako. File haiko. Hatutakuita. Chukua kazi ya shule kabla ya Ijumaa."

Nikagonga muhuri juu na chini. Mama akaniomba nimsomee mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo kifuani.

Jumatatu iliyofuata Wesley hakuonekana. Walikuja wengine kumi na mmoja.

Habari ilikuwa imezunguka soko la Chebunyo hadi Siongiroi kwamba kiwanda kina barua ya kusema ukweli. Wakapanga laini nje ya mlango wangu. Msichana mmoja wa Siongiroi akaniambia, "Madam, sina hasira. Shangazi yangu ananiita Nakuru nijifunze kushona. Nataka tu kujua kama niende ama niendelee kungoja."

Nikataipu yake. Nikataipu za wengine watatu. Ya tano ikiwa kwa mashine, boss akatokea.

Akaichomoa, akasoma. Akasoma tena. Akaniambia niingie na notebook.

Wakuu, nilichukua dictation ya warning letter yangu mwenyewe. Kutumia muhuri bila ruhusa, kuaibisha kampuni, na mengine. Alikosea sentensi moja, nikamrekebishia. Nikaitaipu na kaboni mbili, nikamletea asaini, halafu nikajikabidhi.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hao wa nje wamebaki wangapi?"

"Saba."

Akavua miwani, akaifuta na tai. "Malizia. Lakini weka 'tunasikitika' mahali."

Nikaweka. Na tangu hapo ile sentensi ya file sikuiona tena kwa barua za kiwanda chetu. Hatukuizungumzia hata siku moja.

Wesley nilikutana naye miaka kadhaa baadaye kwa hospitali ya Kapkatet, kila mtu amepeleka mtoto wake kudungwa sindano. Alikuwa amenenepa, mwalimu kamili, ameenda TTC, chuo cha walimu. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Ni wewe uliniandikia hatutakuita," akasema. "Nilikuchukia mwaka mzima."

"Na sasa?"

Akafikiria vizuri, kama mtu anayesahihisha mtihani. "Sasa nakuchukia kidogo."

Kisha akasogea kwenye benchi nikae na mtoto wangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akiambiwa hapana atalala na njaa siku mbili, halafu ataamka atafute njia nyingine. Ukimwambia "tutakuita" atakaa pale pale umemwacha, na wewe umeshasahau jina lake.

Sasa leteni zenu. Wewe uliyekaa ukingoja simu, tueleze ulingoja hadi lini. Na wewe HR unayesoma kimya kimya ukiwa na application za watu mezani, unakaribishwa kutoa maoni, lakini wajibu wale kwanza.