Kisingizio cha Tumbo

Mwaka ule nilimeza dawa za taifodi mara nne. Hapa Mwanza ukisema tu tumbo linakusumbua, muuzaji wa duka la dawa ameshakutajia ugonjwa na dozi, na mimi mtu mzima nikawa napokea bila kudai kipimo. Bado nina hasira na lile duka. Nina hasira zaidi na mimi.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi nasi Buzuruga, mwaka wa nne tangu afiwe na mumewe. Alikuja kutoka kwake Kisesa na kibuyu chake cha kugandishia maziwa. Kibuyu cha namna hiyo hakiguswi na sabuni: husuuzwa kwa maji ya moto, kikafukizwa moshi, na kinachobaki humo ndani ndicho kinachogandisha maziwa ya kesho. Nilijua hivyo. Lakini tumbo liliponivuruga tena baada ya dozi ya nne, niliyatupia lawama maziwa yake, nikakisugua kile kibuyu kwa sabuni ya unga na jiki.

Alikinusa, akauliza taratibu, "Mkamwana, umekifanya nini?"

Nikamjibu mbele ya wajukuu wake, "Rudi Kisesa na uchafu wako."

Kesho yake asubuhi alifunga khanga zake, akaondoka. Hakulia. Mimi ndiye niliyefoka siku nzima, nikagombana hata na mama muuza dagaa ambaye hakuwa na kosa.

Mwezi uliofuata nilikwenda kupima hospitali. Daktari, binti mdogo tu, hakuona taifodi yoyote. Akanieleza kwamba tumboni mwetu wamejaa bakteria wanaotusaidia, na zile dawa nilizobugia huwaua hata wao. Akasema wataalamu wanashuku bakteria hao hugusa hisia za mtu, anavyokaa na wenzake, pengine hata maamuzi yake. Mengi yamejaribiwa kwa panya. Kwa binadamu bado hawana uhakika.

Mume wangu alilidaka hilo kama golikipa. Jumapili akanipeleka Kisesa, maneno yakiwa tayari mdomoni. "Shikamoo mama. Siku ile hakuwa yeye. Dawa ziliua wadudu wazuri wa tumboni, ndiyo maana akachanganyikiwa." Niliinamisha kichwa, na nakiri kwamba nilitaka aamini.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Miaka minne umenipikia, umenikanda miguu, umenipeleka kliniki. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya wadudu?"

Nilichemka. Nilimchukia mume wangu, nikamchukia daktari, na kila aliyenipa mahali pa kujificha. Labda tumbo lilinichochea. Sijui, na wenye elimu yao nao hawajui. Lakini yale maneno niliyachagua mwenyewe, nikijua yatamchoma wapi mjane asiye na kwake mjini.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Nitakuja kuwasalimia wajukuu. Kulala kwako, hapana."