Moshi wa Nyumba ya Achol

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Afisa wa Afya wa Wilaya, pale Lodwar, alivitazama viatu vyangu, akachukua kofia yake, akasema, "Binti, twende." Tulitembea mpaka nyumba moja ya mabati ambako mama alikuwa akipika maharagwe ndani. Nikaanza kusalimia huku nikitafuta kalamu. Afisa akanizuia.

"Simama kwanza. Usiseme neno mpaka macho yaache kukuwasha. Ukishindwa kungoja, kumbuka watoto wa humu hawana pa kukimbilia."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya hewa ya majumbani. Ninyi mnaosomea afya ya umma sasa mna vifaa vya kupima moshi. Sisi tulikuwa na macho, pua na ubani. Tuliweka ubani juu ya kaa la moto katikati ya chumba, tukaufuata moshi wake mwembamba. Ulikokwenda ndiko hewa ilikokwenda. Ukibaki unazunguka chini ya paa, basi nyumba hiyo haipumui. Kisha tulitazama masizi, yaani weusi unaoganda kwenye mabati, tukauliza nani hulala karibu na jiko.

Nyanya yangu alilea watoto wake katika kibanda cha makuti ya mikoma. Upepo ulipenya kila mahali na moshi ukajitokea. Shida ilikuja tulipohamia kwenye kuta nzima na paa la bati, tukaingia na mafiga yetu yale yale.

Baada ya Lodwar nilihamishiwa Kakuma, chini ya Msimamizi wa Afya ya Mazingira, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Nyumba za kambi ya wakimbizi zilikuwa za matofali ya udongo, na wengi walipikia ndani kwa sababu ya upepo wa mchana, ule unaojaza mchanga kwenye sufuria. Watoto walikohoa. Msimamizi akaagiza kila nyumba itobolewe dirisha. Mafundi wakapita, madirisha yakatobolewa. Niliporudi kukagua, mengi yalikuwa yamezibwa kwa matofali na tope.

Nyumba ya Achol ilikuwa mojawapo. Achol alitoka Sudan Kusini, mjane wa rika langu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mtaa. Binti yake mdogo, Adut, alikuwa ametoka hospitali kwa kichomi na alikuwa karibu kurudishwa. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu akivuta pumzi. Nilimwita Msimamizi aje aone mwenyewe. Alipouona ule ukuta, uso wake ulibadilika.

"Nani amefunga dirisha hili?"

"Mimi," Achol akasema.

"Mtoto wako anaumwa kifua, na wewe unakataa dirisha?"

"Mimi sikatai dirisha, mkubwa. Nakataa mwizi. Jirani hapo walivunjia, wakapiga yeye na panga. Dirisha yako ni mlango ya mtu kuingia. Wewe utalala hapa na sisi?"

Nilidhani atafokewa. Msimamizi alivua kofia, akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akakaa ndani ya ule moshi mpaka machozi yakamtoka. Adut alikuwa akikohoa mkekani. Mwishowe Msimamizi akauliza kwa upole, "Tukitoboa juu kabisa, chini ya bati, tundu lisilopitisha hata kichwa cha mtu, utaliacha wazi?"

Achol alifikiri. "Hiyo nitaacha."

Tulitoboa matundu upande wa mashariki na magharibi ili hewa ikatize chumba. Nilirudi ofisini nimefurahi. Kesho yake Achol alikuja mwenyewe kunitafuta, nguo yake imejaa vumbi.

"Ukti," akaniita, yaani dada, kwa Kiarabu chao cha Juba, "moshi imetoka, lakini jangwa imeingia."

Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Kumbe tundu la mashariki lilikuwa linautazama upepo uso kwa uso. Tulirudi watatu, yeye, mimi na Msimamizi, tukaliziba, tukaongeza ya magharibi. Upepo ukipita juu ya paa huvuta hewa ya ndani kupitia matundu ya upande uliojikinga, na hewa safi huingia kwa mlango. Achol akajenga pia jiko la udongo lenye kuta, linalokula kuni kidogo, akaliweka chini ya matundu. Tukawasha ubani. Moshi ukapanda, ukasitasita, kisha ukainama na kutoka.

Sisemi matundu ndiyo yaliyomponya Adut. Alipata dawa na wauguzi wazuri. Lakini hakurudi wodini tena, na nilimshuhudia akikua mpaka akaanza kunikimbilia njiani akiniita shangazi.

Msimamizi alimwajiri Achol kama mhamasishaji, na kwa miaka mingi tulizunguka pamoja. Mlangoni mwa Waturkana wenzangu nilitangulia mimi na salamu yetu ya "Ejok," mwa watu wake akatangulia yeye. Alinifundisha kuketi kabla ya kukagua. Nilipofiwa na mume wangu, alipanda basi mpaka Lodwar, akanipikia wiki nzima, wala hakunilazimisha kuzungumza.

Kisha kwao kukatangazwa amani, na shemeji yake akamwita. Asubuhi ya kuondoka, lori likiwa linanguruma, alinishika mashavu kwa mikono yake miwili.

"Ukti, utakuja kuona nyumba yangu."

"Nitakuja. Nitaikagua."

"Nitaacha moshi kidogo, upate kazi."

Alinipigia simu mara chache. Ardhi ilikuwa nzuri, Adut alikuwa shuleni. Halafu vita vikarudi, na simu yake ikanyamaza. Kila walipofika wakimbizi wapya nilikwenda mapokezi kuuliza. Wengine walikijua kijiji chake. Hakuna aliyemjua yeye.

Nilistaafu nikiwa Kakuma, nikapewa blanketi na hotuba, nikarudi Lodwar. Napikia gesi sasa, dirisha wazi, na kifua changu hakina neno. Wapangaji wa jirani wakiingiza jiko la makaa chumbani huwa nawaendea kuwaonya, kwa kuwa makaa hayatoi moshi mwingi lakini sumu yake huua waliolala. Wananisikiliza, wananishukuru, wanafunga mlango. Hawana ubaya. Ni kwamba mimi nimezoea kuambiwa niketi.

Watu huniuliza najivunia nyumba ngapi. Sijui. Kama ningeruhusiwa kurudishiwa siku moja tu ya kazi, singeomba siku ya sifa. Ningeomba asubuhi yoyote ya kawaida, jua halijawa kali, mimi na Achol tumetoka ofisini, yeye amebeba ndoo ya tope na analalamika kwamba kiatu kinambana, mimi namwambia avivue vyote viwili, naye anakataa, na bado hatujafika nyumba ya kwanza.