Jitoto Letu Baya

Mimi shule niliishia la pili, nikatolewa nikalinde nyani shambani. Maneno ya kitabu sina. Lakini maneno ya kusema kitu kibaya ninayo gunia zima, na aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Yule alikuwa fundi. Akikwambia fulani ana sura kama kiazi kilichofukuliwa na ngiri kikaachwa, basi wewe kile kiazi unakiona, na alama za meno unaziona.

Na haikuwa matusi. Kwetu huku Handeni, nyumba ambayo watoto hawakai, mtoto mchanga hasifiwi. Unaingia, unamtazama, unageuza uso, unasema, hili nalo mmeliokota wapi. Mama anakujibu, lilikuwa njiani, hata mbwa wamelikataa. Hapo mioyo inatulia. Ukisema mtoto mzuri, umekiita kile kisichotajwa nacho kije kuona.

Mimi watoto walikuwa hawakai. Nilikuwa nimezika wawili, mmoja hajaota jino, mwingine ndiyo kwanza anasimama dede. Wote walisifiwa. Alipotoka wa tatu, wa kike, mkunga alimfunua akamfunika tena upesi. Mama mkwe akachungulia, akaona mtoto ni mzuri kupita wale wawili. Akatema mate pembeni, akasema, "Mh. Limekuja na bichwa kama kibuyu kilichopasuka." Nikalia kwa kushukuru.

Tukamwita kila baya. Hata jina tulilompa lilikuwa la kitu cha kutupwa. Nikimnyonyesha nilimwambia masikio yako kama majani ya magimbi, pua yako kama imekaliwa na mtu, huku moyo unayeyuka. Akinichekea, mimi natazama ukutani.

Basi ukaja wakati wa Ujamaa, tukahamishwa. Sisi wa kule ndani Kwamsisi tukaletwa kando ya barabara ya Mkata, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi. Jirani yangu akawa mama mmoja kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe, baba yake alikuja zamani kutoka kusini huko, manamba, kibarua wa mkataba. Mcheshi, sauti kubwa, desturi zetu hazijui. Siku ya kwanza tu akamwona mwanangu mgongoni, akapiga makofi. "Jamani, mtoto mzuri huyu! Macho kama ya swala."

Nikaingia ndani nikafunga mlango, jua la saa nne. Mama mkwe akamwosha mtoto kwa maji ya majani, akaniambia yule mwanamke asimwone tena. Kuanzia siku ile nikawa napita nyuma ya nyumba kwenda kisimani. Nikimsikia jirani anakohoa upande wa pili, namfunika mtoto kanga mpaka anatoka jasho. Naye akawa anawaambia watu kwamba mie namringia, sitaki salamu yake.

Kiangazi kilipokaza, maji ya kisima yakawa tope. Mtoto akaanza kuharisha. Siku ya kwanza nikasema ni meno. Siku ya pili akatapika. Mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Kwamsisi, mume wangu yuko shamba la kijiji, mbali. Asubuhi ya tatu nikamfunua. Utosi umebonyea, ungeweza kuweka ndimu. Macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama vilevile. Analia kisauti cha paka, machozi hayatoki. Wale wawili nao walianza hivihivi.

Nikatoka naye mbio mpaka uwanjani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, wanawake walikuwa wanatwanga. Nikasema kama nilivyozoea kusema.

"Njooni mlitazame jitoto langu. Limekuwa kama panya aliyeanikwa juani."

Wakacheka. Mmoja hata macho hakuinua kwenye kinu. "Hilo si tulikwambia ulitupe, wewe?"

Nikasema macho yamezama. Mwingine akanijibu afadhali, yalikuwa yamelitoka kama chura aliyekanyagwa. Mwingine akasema tuwawekee kunguru, japo kunguru nao watalisusa.

Walikuwa wananipenda wale. Kila walichosema kilikuwa dua. Nami nimesimama pale, mtoto analegea mkononi, na kila neno baya nililokuwa nalo nimekwisha kulitumia akiwa mzima. Limebaki moja, na hilo niliogopa kulisema kuliko kaburi. Nikilisema, nimekiita kile kitu. Nisiposema, anakwenda. Nikahisi kama kuna kitu kimesimama nyuma ya bega langu, kinasikiliza.

"Mwanangu ni mzuri," nikasema. "Ni mzuri, na anakufa."

Michi ikasimama. Mmoja akamvuta mwanawe akamficha ndani ya kanga, kama vile nimemwaga moto.

Aliyekuja ni yule jirani. Alikuwa anapepeta pembeni, na hakujua nimefanya nini. Akamgusa mtoto utosini. "Kakauka huyu. Leteni maji yaliyochemshwa." Yalipoletwa akayatia kwenye chupa, akachukua baiskeli ya balozi bila hata kuomba, maana yeye kuendesha alijifunzia kwenye njia za mkonge, akaniambia panda nyuma.

Tukaenda zahanati ya Mkata hivyo. Kila kitambo anasimama, anamdondoshea mtoto maji kwa kifuniko cha chupa, anamwambia, usilale mzuri wangu, kunywa mzuri wangu. Kila akisema, mimi natema mate pembeni. Mzuri, natema. Mzuri, natema. Tulipofika kwenye mteremko mdomo wangu ulikuwa umekauka kama wa mtoto. Nikamwacha aseme.

Pale zahanati wakamtundikia maji. Mchana kutwa nimemkodolea macho. Jua linaelekea kuzama akanikojolea mapajani, nesi akasema sasa atapona.

Jirani yule akawa ndugu yangu. Nilipojifungua mwingine alikuja kuona, mama mkwe akamfundisha mlangoni cha kusema. Akamtazama mtoto muda mrefu, akasema ana pua mbaya kidogo. Tulicheka mpaka mama mkwe akakaa chini.

Na lile jitoto letu lina wajukuu sasa, liko Korogwe. Akija ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, namwambia amezeeka vibaya, kakunjamana kama gunia la mkaa. Anacheka. Lile neno nimelisema siku ile moja tu, tena si kwake. Hata hapa nilipolisimulia, nimegeuka nikatazama nyuma ya bega.