Kompyuta Iliyokata Majina ya Watu wa Suma

Mwaka ule, baada ya miaka ya uhaba, mkate wa siagi ulirudi kwenye maduka ya Tukuyu, ila nyumbani kwangu tuliendelea na mbalaga, ndizi zetu za kupika, mchana na jioni. Ndipo nilipoanza kuchapa majina ya wakulima kwenye kompyuta ya kiwanda cha chai. Nina darasa la saba tu, lakini vidole vyangu viliwashinda wote pale.

Siku ya kwanza Meneja alinionya: "Mama Tusa, mashine haikosei. Anayekosea ni mtu."

Msimu wa mbolea, mashine ikatoa orodha ya majina ya wa kupewa. Mwakalobo, Mwakatobe, Mwakasege, wote wakatoka "Mwak". Bwana Ghala, mgawaji wa mbolea, akawafukuza: "Simjui Mwak, mimi!"

Mzee Mwakalobo, jirani wa baba yangu kule Suma, akanifuata mikono mitupu. "Mwanangu, jina langu umelipeleka wapi?"

Akaitwa Mtaalamu wa programu kutoka Mbeya. Akanieleza kwamba ametengeneza mlango mmoja wa kupokea neno lolote, fupi kwa refu, hata namba. Maandishi yake hugeuzwa kuwa amri za mashine na kitu kiitwacho kompaila.

Tukajaribu. Tulipoanza na Juma, wa kwanza kwenye orodha, Mwakalobo alitoka "Mwak". Tulipoanza na Mwakalobo, alitoka mzima, ila Juma akaburura herufi za takataka nyuma yake.

"Kumbe!" akasema Mtaalamu. "Kompaila inapima neno la kwanza, halafu inawavisha wote kipimo hicho. Mama, wewe huna kosa."

"Kama fundi cherehani aliyempima kitindamimba, akashonea ukoo mzima!" nikasema. Tukacheka.

Meneja hakucheka. Kiwanda kilikuwa kinauzwa, na wanunuzi walikuwa njiani. Akanisukumia karatasi. "Saini kwamba ulichapa vibaya. Wakisikia mashine ni mbovu, tumekwisha. Ukikataa, kazi huna."

Nikamwambia: "Sisaini. Mkono wangu haukukosea."

Wenye kiwanda wapya walipopunguza watu, nilikuwa wa kwanza. Orodha haikurekebishwa, na Mzee Mwakalobo hakupata mbolea. Chai yake ikageuka njano, akaing'oa kwa jembe huku analia, mtu mzima yule.

Siku hizi mvua ikinyesha tunakinga ndoo ndani, bati limeoza. Mjukuu wangu hunisuta: "Bibi, saini moja tu! Si tungekuwa na nyumba Msasani, kwa matajiri wa Dar?"

Labda. Lakini namjibu kama nilivyomjibu Meneja.

"Sisaini. Mkono wangu haukukosea."