Kidonge cha Zamu

Nilidhani hakuna ujanja nisioujua, mpaka juzi nilipokaa kwenye foleni ya zahanati moja jirani na Rutamba. Kwenye dirisha la wazee, nesi alimuuliza bibi mmoja, "Presha mbona haishuki? Vidonge unameza kila siku?"

"Siku yangu ikifika, mjukuu wangu."

"Siku yako?"

"Tunapokezana na mke mwenzangu. Jana mimi, leo yeye. Naye kichwa kinamgonga, ila hajatimiza sitini, huku hapati bure."

Nesi akaweka kalamu chini. "Nusu dawa haimtibu hata mmoja, bibi! Mlete apimwe."

Bibi akaelekeza kidevu kwenye benchi. "Si yule pale? Kaja kumeza chake."

Nesi akamwita ndani. Mimi nimebaki najiuliza: na mume, walimgawana kwa haki hivyo hivyo?