Mwezi Niliomfunga Baba kwa Vitabu

Baba yangu ni mtu wa Oldeani, kule kwenye mashamba ya kahawa, na mtu wa Oldeani ukimwambia akae kwenye kiti mwezi mzima, ni sawa na kumwambia afe kidogo. Masika yale alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lilikuwa jicho moja tu. Lile la pili lilikuwa limeziba pia, ila daktari alisema lisubiri zamu yake. Tukarudi kwangu hapa Karatu na chupa ya matone, miwani myeusi, na masharti. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asikae penye moshi. Mwezi ukiisha arudi apimwe, apewe miwani ya kuonea, na mpaka hapo ataona ukungu ukungu tu. Akikaidi, alisema daktari, hilo jicho tunaweza kulipoteza. Alisema kwa upole sana, nami nikaogopa kuliko kama angenifokea.

Baba aliitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu zote. Siku ya tatu nikamkuta barabarani, fimbo mkononi, begi begani, anasimamisha lori. Bahati nzuri alikuwa upande wa magari yaendayo Arusha, si yale ya Oldeani.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani. Ng'ombe wangu anakaribia kuzaa."

"Kaka si yupo?"

"Kaka yako hata kuku akitaga anashangaa." Kisha akanigeuzia methali: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Jembe liko wapi?"

Nilimrudisha ndani nimekasirika. Jamani, mtu amepasuliwa jicho anataka akapigane na ndama kwenye matope! Mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani, maana mvua zikianza wageni hupungua na hoteli ninakofanya kazi hutupa likizo tusiyoiomba. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mzee mwenye begi. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumzuia ni boksi la vitabu nililoazimwa na rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, ambaye husoma chochote chenye jalada.

Nikaanza na riwaya ya upelelezi. Tajiri amekutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Baba alikuwa nyapara kwenye mashamba ya kahawa miaka mingi, na hakuhitaji mpelelezi. "Ni yule karani," alisema kabla sijageuza ukurasa.

"Umejuaje?"

"Kasalimia watu wote. Anayesalimia watu wote asubuhi, jana yake kaiba."

Alikosea. Muuaji alikuwa mke wa tajiri. Baba alikataa hukumu ile na anaikataa mpaka leo. Anasema mwandishi alihongwa. Ila niligundua siri yangu hapo: nikifunga kitabu mlango unapogongwa, kabla haijajulikana nani anagonga, kesho yake mzee hashiki begi.

"Nani anagonga?"

"Kesho, baba."

"Wewe mtoto una roho mbaya."

Ndiyo, ninayo, na jicho likapata siku nyingine ya kupona.

Kitabu cha mafanikio maishani hakikufika mbali. Sura ya kwanza ilisema tajiri huamka saa kumi alfajiri. Baba akauliza kwa utulivu, "Mimi nimeamka saa kumi tangu ujana wangu. Huo utajiri waliupeleka nyumba ya nani?" Nikakirudisha boksini. Cha kutisha, chenye nyumba ya mizimu na ngazi zinazolia, kilinitisha mimi peke yangu. Yeye alichotaka kujua ni kwa nini hawahami. Kila damu ikidondoka ukutani: "Si wahame?" Mashairi ndiyo aliyoyasikiliza kwa heshima kuliko vyote. Kila ubeti ukiisha aliitikia "Amina," na mimi sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Shida ilikuja na riwaya ya mapenzi. Binti mzuri amefiwa na mume, shemeji zake wanataka kumtoa shambani, na kuna fundi seremala mmoja anampenda kimyakimya. Vizuri. Lakini fundi hakuendelea kuwa kimya. Nilifika ukurasa ambao mkono wake ulikuwa unashuka mgongoni kwa binti, na mbele yangu amekaa baba yangu mzazi. Kwetu mtoto hasemi maneno hayo mbele ya baba yake, hata yakiwa ya mwingine, hata yakiwa yamechapishwa. Nikasema, "Wakazungumza mpaka jioni." Baba akakohoa. Mimi nikakohoa. Tukazungumzia mvua.

Nilisoma hivyo kwa kurukaruka mpaka shemeji wakamtoa binti usiku, mvua inanyesha, na mimba juu. Nikafunga kitabu hapo hapo, kama kawaida yangu ya roho mbaya.

Kesho yake jumuiya yetu ya kanisani ilisali kwetu. Wakati wa maombi baba akasimama, miwani myeusi usoni, sauti ya unyapara: "Tumwombee binti mmoja mjane. Ana mimba. Shemeji zake wamemfukuza. Jana tulimwacha barabarani, kwenye mvua."

"Twakuomba utusikie," walijibu. Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa Kichaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanigeukia polepole.

"Mmemwacha barabarani? Na mimba?"

"Mama, ni wa kitabuni."

"Wewe unacheka?"

Sikuwa nacheka, nilikuwa nakufa. Mmoja alishafungua khanga aliyojitanda ili ikamfunike mjane. Mwingine anauliza barabara ipi, ya Mbulu au ya Lango la Ngorongoro. Nikaleta kitabu, nikawaonyesha jalada. Walilitazama muda mrefu. Mwenyekiti akaketi, akajipangusa uso, akasema, "Sasa si usome tujue amefika wapi?"

Tangu siku hiyo walikuja kila alasiri, na chapati zao, na sufuria ya chai. Penye mambo ya fundi seremala, mwenyekiti alinipokonya kitabu na kusoma mwenyewe kwa sauti ileile ya kusomea waraka wa askofu, mimi nikikimbilia jikoni kuosha vyombo visafi. Baba naye akawa mwenye kikao. Anawakaribisha, anawanyamazisha, anawauliza jana tuliishia wapi. Begi likakaa chini ya kitanda. Mtu ataondokaje, na wageni wake wanakuja saa tisa?

Mwezi ukaisha. Daktari alilimulika jicho, akalimulika tena, akatabasamu. Limepona vizuri. Akampa baba miwani, akamruhusu kwenda zake, ng'ombe, moshi na vyote. Nilifurahi, na hapo hapo nikahisi kama mtu ameniondolea kiti nilipokuwa nakaa.

Tulifika nyumbani, nikamtolea begi mwenyewe. Baba alisimama mlangoni akinitazama. Alinitazama usoni, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Umezeeka lini?" aliuliza.

"Baba!"

"Nakuuliza. Niliacha kukuona ukiwa msichana. Una mvi hapa. Na macho yako yamechoka. Kwa nini hukuniambia?"

Ningemwambia nini? Kwamba mume aliondoka, kwamba watoto wako mbali, kwamba natandika vitanda vya watu wenye furaha tangu asubuhi hadi jioni? Kwenye simu ya kila Jumapili nilisema "sijambo, baba," na ndivyo alivyonijua. Nililia palepale mlangoni, bila aibu.

Hakunibembeleza, hana utaalamu huo. Alinishika bega, akanikalisha kwenye kile kiti alichokalia mwezi mzima, kisha akainama boksini mwenyewe, kwa kuwa sasa aliruhusiwa, akatoa kitabu cha kwanza alichokigusa. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki.

"Gari litakuacha, baba."

"Nyamaza. Leo nasoma mimi."

Akaanza, kidole chini ya kila neno, akisimama kwenye nukta kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Malkia wa nyuki. Mzinga. Moshi kiasi. Nilifumba macho. Sijui alifika ukurasa gani, maana nililala mchana kweupe, mtu mzima mwenye mvi, na nilipoamka alikuwa bado anasoma.