Nilikuwa na S ya Physics na koti la kiwanda cha samaki, nikaomba udaktari hivyo hivyo

Wakuu, heshima kwenu wote.

Wiki hii nimesoma nyuzi tatu za vijana wanaouliza kitu kilekile: Bios nzuri, Chem ya kawaida, Physics imegoma, niombe udaktari mwaka huu au nisubiri? Wengi wanaowajibu hawajawahi hata kuishika fomu ya maombi.

Mimi niliijaza. Nitaeleza ilivyokuwa, na chumvi sitaongeza.

Mimi ni Mkerewe, mtoto wa Nansio. Nilimaliza form six miaka ya tisini, PCB, wakati ule viwanda vya minofu ya sangara vinaota Mwanza kama uyoga. Matokeo yangu: Biology B, Chemistry C, Physics S.

Kwa wadogo zangu humu, S haikuhesabika kama principal, yaani ufaulu kamili wa somo, na udaktari ulitaka principal tatu. Nilikuwa na mbili na aibu moja.

Baba alishafariki, aliyenilea ni baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Barua ya chuo cha ualimu Butimba ilipofika, akaitisha kikao cha familia. Waliongea watu kumi na mmoja kuhusu maisha yangu. Mimi nikaulizwa mwisho kabisa, kama nimesikia.

Uamuzi ulikuwa niende ualimu, udaktari nitaomba baadaye nikiwa tayari. Hilo neno "baadaye" mpaka leo silipendi.

Nikapanda meli kwenda Mwanza, ila Butimba sikufika. Nilipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu, nikapanga chumba Nyakato. Kwa kuwa nilisoma Biology, wakaniweka kukagua samaki na kupima ubaridi wao. Wakanipa na koti jeupe.

Nikajiandikisha kurudia Physics kama private candidate.

Mwalimu wangu alikuwa fundi Masanja, mzee wa Kisukuma aliyehudumia mitambo ya ubaridi pale kiwandani. Elimu yake darasa la saba. Huyo mzee alinionyesha kwa mikono yake compressor inafanya nini na joto linatolewaje kwenye chumba cha barafu. Mambo niliyokariri miaka miwili bila kuyaelewa, niliyaelewa nimevaa gambuti, nimesimama kwenye maji ya samaki. Wanaodharau mafundi wanisamehe, hapa hatutaelewana.

Mtihani nikafanya. Tatizo likabaki moja: muda wa kuomba chuo ulikuwa unaisha kabla majibu hayajatoka.

Kila mtu akasema nisubiri mwaka unaofuata. Hata Masanja. Na mimi nikakubali, fomu ikalala chini ya godoro.

Sasa lile koti.

Kila Jumapili nililifua na kulianika uani. Wapangaji wenzangu wakaanza kuniita dokta. Nilikuwa nacheka tu, sikuwasahihisha. Nikiri kosa langu: nililipenda lile jina. Lilinipoza maumivu ya ile S.

Asubuhi moja nimetoka shifti, namkuta mama Neema, jirani wa chumba cha tatu, amekaa mlangoni kwangu na mwanae mgongoni. Neema hakuwa amefikisha hata mwaka. Alikuwa anaharisha, macho yamezama, hata kulia halii.

Mama yake alikuwa hapo tangu alfajiri ananisubiri mimi. Hospitali ipo, yeye anamsubiri dokta wa sangara.

Nikamwambia mimi siyo daktari, mimi ni wa samaki. Akadhani naringa. Sikubishana naye, nikamchukua mtoto tukakimbia. Hospitali walimtundikia dripu, na nesi akatuuliza kwa ukali tulikuwa wapi muda wote huo. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya matokeo.

Neema alipona. Jioni tukiwa tumekaa pembeni ya kitanda chake, nikamweleza mama yake ukweli wote: S, mtihani niliorudia, majibu ambayo hayajatoka.

Akanisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hicho chuo kilikukataa?"

Nikasema hapana, sijaomba.

"Sasa aliyekukataa ni nani?"

Wakuu, hakuna chuo kilichokuwa kimenikataa. Nilijikataa mwenyewe kwa niaba yao, halafu nikavaa koti niitwe dokta.

Nikarudi, nikaitoa fomu chini ya godoro. Kwenye Physics nikaandika hivi: "S. Nimerudia mtihani, majibu bado." Sikudanganya herufi hata moja. Nikaituma siku mbili kabla ya mwisho.

Baba mkubwa aliposikia, akatuma ujumbe kwamba naiaibisha familia, chuo kitanicheka. Nikamjibu kwa heshima zote, shikamoo kwanza, kwamba wakitaka kunicheka basi wacheke kwa barua yenye mhuri.

Majibu yakatoka. Mnaotarajia muujiza, poleni. Nilipata D, principal ya tatu lakini siyo ya kuringia.

Nikapanda treni hadi Dar na karatasi yangu. Kwenye korido ya chuo nilikuta wenzangu waliorudia mtihani, wengine wana B ya Physics. Wote wakaambiwa warudi mwaka ujao, kwa kuwa hawakuwa wametuma maombi.

Ilipofika zamu yangu, karani akauliza jina, akazama kabatini, akatoka na faili. Juu yake mtu aliandika kwa kalamu nyekundu: asubiriwe majibu ya Physics.

Mimi na D yangu tulikuwa tunasubiriwa. Nililia pale pale na sikuona aibu.

Barua ya kukubaliwa ilikuja. Siku ya kwanza ya maabara nilivaa koti lile lile la kiwanda. Mwenzangu akaniuliza mbona linanuka samaki. Nikamwambia ni sangara, pua yako iko sawa.

Nilichojifunza: rudieni mtihani, someni hata kwa fundi, na msikubali kuitwa msichokuwa bado. Ila fomu jazeni. Kwenye hivyo vyuo kuna watu wanalipwa mshahara kukataa maombi. Msiwafanyie kazi yao bure.

Uwanja ni wenu, hata nyie wa "subiri kwanza" karibuni. Ila mkija, mtuambie na fomu mliyowahi kujaza.